Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Jinsi Sheli ya Bash Inavyokumbuka Mahali Programu Zilipo

Majibu yaliyomo humu yanahusu hasa Bash kwenye Linux, kwa kuwa ndiyo sheli, yaani programu inayopokea na kutekeleza amri unazoziandika, ambayo wengi huikuta wakifungua terminali. Zsh, tcsh, dash na ksh zimetengewa swali lao kuelekea mwisho, na msomaji anayezitumia anashauriwa asidhani kwamba kila kinachosemwa hapa juu ya Bash kinazihusu.

Nikiandika jina la programu na kubonyeza Enter, sheli inaipataje?

Kwanza Bash hutazama kama jina lililoandikwa lina mkwaju (`/`). Ukiandika `./jaribio` au `/usr/bin/grep`, umekwisha kuitajia mahali penyewe, kwa hiyo haitafuti chochote wala haiweki chochote katika kumbukumbu. Jina likiwa tupu, kama `grep`, Bash huuliza kwanza kama ni lakabu uliyoitunga kwa `alias`, kisha kama ni kitendakazi (function) kilichoandikwa ndani ya sheli, kisha kama ni amri ya ndani kama `cd` au `echo`. Ni baada ya hayo yote kushindikana ndipo inapotambua kwamba inatafutwa programu iliyo nje, yaani faili lililopo mahali fulani kwenye diski.

Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, haina habari yoyote kuhusu PATH, orodha ya mahali pa kutafutia programu. Wito wa `execve`, ambao ndio unaoanzisha programu, hutaka kupewa njia ya faili, na kazi ya kugeuza jina tupu kuwa njia kamili ni ya sheli yenyewe. Bash huifanya kazi hiyo kwa kusoma kigeu cha PATH, ambacho ni orodha ya saraka (folda) zilizotenganishwa kwa nukta mbili (`:`), na kupita saraka moja baada ya nyingine hadi ikute faili lenye jina hilo na lenye ruhusa ya kuendeshwa. Tuseme PATH yako ni hii, ambayo ni ya kawaida kwa mtumiaji mkuu (root) kwenye Debian:

`/usr/local/sbin:/usr/local/bin:/usr/sbin:/usr/bin:/sbin:/bin`

Kwa kuwa `grep` imo katika `/usr/bin`, Bash itaambulia patupu katika saraka tatu za mwanzo kabla ya kuipata katika ya nne. Ikishaipata huandika pembeni kwamba `grep` ni `/usr/bin/grep`, na mara nyingine utakapoiita haitaanza tena msafara huo, bali itakwenda moja kwa moja.

Kumbukumbu hiyo imehifadhiwa wapi, na ninaweza kuiona?

Imehifadhiwa katika kumbukumbu ya mchakato wa sheli yenyewe, katika jedwali la hashi, yaani jedwali linalooanisha kila jina na njia yake, na hakuna faili lolote kwenye diski linaloihifadhi. Ukifunga terminali, jedwali linatoweka. Ukifungua madirisha mawili, kila moja lina jedwali lake, na hili la pili ndilo linaloeleza kwa nini amri moja inaweza kukataa katika dirisha hili huku ikifanya kazi vizuri katika dirisha la jirani.

Ili kuliona, andika `hash` peke yake:

```
hits    command
   3    /usr/bin/grep
   1    /usr/bin/man
```

Safu ya kwanza ni idadi ya mara ambazo njia hiyo imetumika na ya pili ni njia yenyewe. Ukitaka kujua njia iliyokumbukwa kwa jina moja tu, andika `hash -t grep`. Katika Bash 4 na kuendelea jedwali hilo hilo linaonekana pia kama safu ya vigeu iitwayo `BASH_CMDS`.

Ifahamike kwamba hashi hii haina uhusiano na zile alama za uhakiki zinazotolewa na `sha256sum`. Jedwali halihifadhi chochote kuhusu yaliyomo ndani ya faili, wala ukubwa wake, wala tarehe yake. Ndiyo maana ukisasisha programu papo hapo ilipo, yaani faili jipya likichukua nafasi ya la zamani katika saraka ile ile kwa jina lile lile, huna haja ya kufanya lolote: njia ni ile ile, na Bash itaendesha faili jipya bila hata kujua kwamba limebadilika.

Je, kasi inayopatikana inahisika kweli?

Kwenye kompyuta ya leo yenye diski ya ndani, mara nyingi haihisiki. Linux yenyewe huhifadhi katika kumbukumbu majina ya mafaili iliyokwisha kuyatafuta, hata majina ambayo haikuyapata, kwa hiyo kuuliza saraka sita ni kazi ya muda mfupi mno ukilinganisha na gharama ya kuanzisha mchakato mpya. Mtu mwenye skripti inayoita `sed` mara elfu kumi ndani ya kitanzi atapata nafuu kubwa zaidi kwa kuiita mara moja tu kuliko kwa jedwali lolote la hashi.

Desturi hii ni ya zamani, wakati diski zilipokuwa za taratibu na kila saraka iliyoulizwa ilikuwa mzigo. Sheli ya C ambayo Bill Joy aliiandika Berkeley mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na jedwali lake, na amri ya `hash` iliingia katika sheli ya Bourne kwa toleo la pili la System V mwaka 1984. Baadaye ikawa sehemu ya POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix.

Hata hivyo yapo mazingira ambamo bado ina faida. Saraka za PATH zikiwa kwenye diski ya mtandao, kama NFS, kila swali linaweza kusafiri hadi kwenye seva na kurudi. Vivyo hivyo kwa wanaotumia Linux ndani ya Windows kupitia WSL, ambako kwa kawaida PATH hurefushwa kwa saraka za Windows zilizo chini ya `/mnt/c`, na kuzifikia hizo ni kazi nzito. Hapo utaona jambo moja la kuvutia: programu iliyokwisha kukumbukwa huanza mara moja, lakini ukikosea tahajia ya jina, jibu la `command not found` linaweza kuchelewa kidogo, na ukirudia kosa lile lile litachelewa tena. Sababu ni kwamba Bash hukumbuka ilichokipata tu. Ilichokikosa haikiandiki popote.

Nimeondoa programu sehemu moja na kuiweka nyingine. `which` inaniambia ipo, lakini sheli inasema `No such file or directory`. Kuna nini?

Huenda jedwali limepitwa na wakati. Chukua mfano wa mtu aliyejijengea `ffmpeg` kutoka msimbo chanzo ikaingia `/usr/local/bin`, akaitumia asubuhi, kisha akaiondoa na kusakinisha ile ya `apt`, kisakinishi cha Debian na Ubuntu, ambayo huingia `/usr/bin`. Katika dirisha lile lile anaandika `ffmpeg` na kujibiwa:

`bash: /usr/local/bin/ffmpeg: No such file or directory`

Uisome sentensi hiyo kwa makini, kwa sababu jibu limo ndani yake. Mtumiaji aliandika jina tupu, lakini Bash imelalamika kwa njia kamili ambayo hakuiandika. Laiti ingetafuta upya na kukosa, ingesema `ffmpeg: command not found`. Njia kamili inayojitokeza bila kuitwa ni dalili kwamba imetolewa katika jedwali.

Dawa ni mojawapo ya hizi mbili. `hash -d ffmpeg` husahaulisha jina hilo moja, na `hash -r` hufuta jedwali lote. Binafsi naona hakuna sababu ya kuhangaika na ya kwanza, kwani jedwali hujijenga lenyewe upya kadiri unavyoendelea na kazi na huna cha kupoteza. Kufungua terminali mpya nako kunatatua, na ndiyo sababu watu wengi huamini kwamba tatizo lilijiondokea lenyewe.

Tahadhari moja: kosa hilo hilo la kukosekana kwa faili laweza kutokea pia pale ambapo programu ipo lakini kile inachokihitaji ili kuanza hakipo. Skripti ambayo mstari wake wa kwanza unataja mkalimani asiyekuwapo hutoa ujumbe wenye maneno `bad interpreter`, na programu iliyojengwa kwa ajili ya aina nyingine ya mfumo inaweza kukosa kipakiaji chake, jambo ambalo matoleo mapya ya Bash hulitaja kwa maneno `required file not found`. Kama `ls` inaonyesha kwamba faili liko pale pale Bash inapodai halipo, `hash -r` haitakusaidia.

Nimesakinisha toleo jipya bila kosa lolote, lakini nikiuliza toleo naambiwa la zamani. Inawezekanaje?

Hili ndilo tukio baya zaidi kati ya yote, kwa sababu halitoi kosa. Hutokea wakati faili la zamani bado lipo mahali pake, na jipya limewekwa katika saraka iliyotangulia katika PATH. Kwa haki, Bash ingepaswa kulikuta jipya kwanza. Lakini jina hilo limekwisha kuandikwa katika jedwali pamoja na njia ya zamani, faili la zamani bado linaendeshwa vizuri, na hakuna kinachoishtua Bash itafute upya.

Mfano uliosumbua watu wengi ni wa `pip`, kisakinishi cha vifurushi vya Python. Mwezi Aprili 2018 lilitoka toleo la 10, ambalo lilihamisha sehemu zake za ndani. Watumiaji wa Ubuntu na Debian waliokuwa na `pip` ya mfumo katika `/usr/bin/pip` walijisasisha kwa `pip` yenyewe, na toleo jipya likaingia katika saraka nyingine, kwa mfano `~/.local/bin` kwa waliosakinisha kwa akaunti yao tu, au `/usr/local/bin` kwa waliotumia `sudo`. Walipoita `pip` tena katika dirisha lile lile, Bash ikaenda `/usr/bin/pip` kama ilivyokumbuka. Skripti hiyo ya zamani ikajaribu kuchukua `main` kutoka maktaba ambayo sasa ilikuwa mpya, isiikute, na skrini ikajaa `ImportError: cannot import name main`.

Wapo walioanza kuondoa Python nzima, na kwenye Ubuntu hilo ni balaa, maana sehemu nyingi za mfumo zinaitegemea. Kwa wale ambao saraka mpya ilikuwa imetangulia katika PATH, `hash -r` ilitosha. Kwa wale ambao `~/.local/bin` haikuwamo katika PATH kabisa, kufuta jedwali hakukusaidia chochote, kwa kuwa hata utafutaji mpya ungeishia `/usr/bin/pip` ile ile. Njia ya uhakika katika hali zote mbili ilikuwa kuandika `python3 -m pip`, ambayo haiitegemei skripti iliyo katika `/usr/bin`.

Basi nitumie amri gani kujua ni faili lipi litakaloendeshwa?

Tumia `type`, usitumie `which`. Katika Bash `which` kwa kawaida ni programu ya nje: inaanzishwa kama mchakato mwingine, inapokea PATH, inatafuta upya kuanzia saraka ya kwanza, na kukupa jibu. Haiwezi kuliona jedwali lililo ndani ya sheli iliyoiita. Kwa hiyo katika visa viwili vilivyotangulia itakutajia faili sahihi huku Bash ikiendesha jingine, na mtumiaji anabaki akishangaa.

`type` ni amri ya ndani, na huiuliza Bash yenyewe:

`pip is hashed (/usr/bin/pip)`

Ukiona neno `hashed`, ujue jibu limetoka katika jedwali. Ongeza `type -a pip` ili upate orodha ya kila `pip` iliyomo katika PATH kwa mpangilio wake, kwani hiyo haitazami jedwali. Majibu ya kwanza ya amri hizo mbili yakitofautiana, umeshapata chanzo cha tatizo. `type -p` na `command -v` nazo hufaa ndani ya skripti, ila kumbuka kwamba `type -p` hutoa njia iliyo katika jedwali ikiwa ipo, na si lazima iwe ile ya kwanza katika PATH.

Nikibadilisha PATH, je, ni lazima pia nifute jedwali?

Hapana. Kukipa kigeu cha PATH thamani yoyote, hata kwa kuandika `PATH=$PATH`, hulifuta jedwali lote, na POSIX inataka iwe hivyo. Mabadiliko yasiyopitia PATH, yaani mafaili yanayohama, kuongezeka au kuondolewa ndani ya saraka zilezile, ndiyo ambayo sheli haina namna ya kuyajua.

Skripti ya `activate` ya mazingira pepe ya Python hubadilisha PATH na bado huita `hash -r` kwa usalama zaidi, na `nvm` ya Node.js hufanya vivyo hivyo. Ukiweka PATH kwa ajili ya amri moja tu, kama `PATH=/opt/jaribio/bin:$PATH gcc`, Bash huliweka jedwali kando kwa amri hiyo na kutafuta kwa PATH ya muda uliyoitaja.

Ninaweza kuitaka Bash ijihakikishie yenyewe, au kuacha kabisa kukumbuka?

Yote mawili yanawezekana. `shopt -s checkhash` huifanya Bash ihakikishe kwamba faili lililokumbukwa bado lipo kabla ya kuliendesha, na kama halipo itafute upya katika PATH. Ukiiweka katika `~/.bashrc`, faili ambalo Bash hulisoma inapoanza, kisa cha `ffmpeg` hakitakupata tena. Kisa cha `pip` bado kitakupata, kwa sababu pale faili la zamani lipo na ukaguzi unapita. Sijui kwa nini chaguo hili limezimwa kwa kawaida wakati gharama yake ni swali moja tu kwa kerneli, na namshauri kila msomaji aliwashe.

`set +h` huzima ukumbukaji wote. Matumizi yake mashuhuri ni katika Linux From Scratch, mradi unaomfundisha mtu kujenga mfumo mzima kutoka msimbo chanzo. Humo mjenzi huelekezwa kuandika `set +h` katika `.bashrc` ya mtumiaji wa ujenzi, ili kila zana mpya inapokamilika ianze kutumika mara moja badala ya ile ya mfumo mwenyeji. Kikusanyaji (compiler) cha zamani kikiendelea kutumika kimyakimya katika kazi kama hiyo, kosa litagunduliwa baada ya saa nyingi, kama litagunduliwa. Ukiuliza `hash` baada ya kuzima, utajibiwa `hashing disabled`.

Je, jedwali linazihusu `sudo`, `xargs`, `env` na kazi za cron?

Halizihusu. Ukiandika `sudo nginx -t`, Bash inakumbuka mahali ilipo `sudo` tu. `nginx` hutafutwa na `sudo` yenyewe, ambayo kwenye mifumo mingi hutumia orodha yake iitwayo `secure_path` badala ya PATH yako. `xargs`, `env` na `nohup` nazo hutafuta zenyewe. Kazi za cron, yaani zile zinazoendeshwa kwa ratiba, huanza na sheli mpya kila mara, kwa hiyo hazina cha zamani cha kukumbuka. Tatizo la cron karibu siku zote ni PATH fupi.

Skripti nazo zina jedwali?

Ndiyo. Kila skripti ya Bash inayoendeshwa kama mchakato wake huanza na jedwali tupu na kulijaza inavyokwenda. Sheli tanzu, kama ile inayoanzishwa na mabano au na `$( )`, hurithi nakala ya jedwali la mzazi, lakini inachojifunza humo hakimrudii mzazi. Skripti inayosakinisha programu na kisha kuitumia papo hapo ndiyo inayohitaji `hash -r` katikati, hasa kama iliita programu ya jina hilo kabla ya kuisakinisha upya.

Baadhi ya waandishi hutumia `hash git 2>/dev/null` kupima kama programu ipo. Inafanya kazi, lakini hukubali pia majina ya amri za ndani na vitendakazi bila kusema lolote, na `command -v` husomeka vizuri zaidi kwa atakayekuja kuisoma skripti hiyo.

Kuna hatari ya kiusalama?

Ipo ndogo. `hash -p /njia/yoyote jina` huandika njia katika jedwali bila kutafuta, na kuanzia hapo jina hilo litaelekea huko hata kama PATH ni safi. Anayeweza kuandika mstari huo katika `.bashrc` yako ameshaimiliki akaunti yako kwa njia nyingine mia, kwa hiyo si mlango mpya. Ila wakaguzi wanaotazama PATH na lakabu pekee wanaweza kuupita bila kuuona. Bash katika hali ya vizuizi, `rbash`, hukataa `-p` yenye mkwaju, kwa kuwa vinginevyo kizuizi cha kutotaja njia kamili kingekuwa na tundu.

Sheli nyingine zinafanyaje?

Zsh, ambayo ni sheli ya kawaida ya macOS tangu Catalina mwaka 2019, hukumbuka kwa njia inayokaribiana na ya Bash, na `rehash` ndani yake ni sawa na `hash -r`. Programu mpya huipata ukiandika jina lake lote, lakini ukamilishaji kwa kitufe cha Tab unaweza usiijue hadi ufanye `rehash`, au uweke `zstyle ':completion:*' rehash true`.

Katika csh na tcsh mambo ni tofauti kwa undani. Sheli hizo hupitia saraka zote za PATH mapema na kujenga jedwali la nini kinaweza kuwa wapi. Matokeo yake ni kinyume cha Bash: programu iliyosakinishwa baada ya sheli kuanza inaweza kujibiwa `Command not found` ingawa haijawahi kuitwa, hadi uandike `rehash`. Ushauri wa kuandika `rehash` kila baada ya kusakinisha kitu, unaokutwa katika miongozo ya zamani ya Unix, ulitokana na hizo.

Dash, ambayo ndiyo `/bin/sh` ya Debian na Ubuntu, ina `hash` na `hash -r` za kawaida bila mapambo. Katika ksh ya David Korn njia zilizokumbukwa huitwa lakabu zinazofuatiliwa, na huonekana kwa `alias -t`.

`rbenv rehash` ni kitu kilekile?

Hapana. Hiyo huunda upya skripti ndogo za kati ambazo rbenv huziweka katika saraka yake ili kuchagua toleo la Ruby. Hizo ni mafaili halisi kwenye diski, hubaki hata terminali ikifungwa, na `hash -r` haizigusi.